Mama Ila na Salamu Iliyopimwa kwa Saa

Saa moja kasorobo asubuhi, mlango wa kituo cha afya umefunguliwa upande mmoja tu. Kwenye upande huo ameketi mwanamke mnene wa miaka hamsini na tatu, sare ya bluu, viatu vya raba, na mapajani ana bakuli la plastiki lililojaa vibanio vya nguo: vyekundu, vya njano na vya kijani. Hakuna nguo inayoanikwa hapa.

"Habari za asubuhi, baba?"

"Nzuri," anajibu mzee mwenye kofia ya sufu, kadi yake ya matibabu mkononi.

Mwanamke hasemi kitu. Anamtazama tu, uso umetulia, kama mtu anayengoja maji yachemke. Sekunde moja. Mbili. Tatu.

"Ila," anasema mzee, "macho haya, kidogo."

"Kidogo tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Kibanio cha kijani kinabanwa kwenye kadi. "Benchi la ukutani, baba. Utakaa kiasi, lakini ukiingia hutaharakishwa."

Nyuma ya mzee yupo binti anayetaka kubadilishiwa bandeji ya kidole. Huyo anapewa kibanio cha njano na benchi la dirishani. Anafuata mama mmoja aliyejitanda khanga hadi puani, anasema "nzuri sana, nzuri sana" kabla hata hajaulizwa. Mwanamke wa vibanio anainuka kitini, anamshika mkono na kumpitisha moja kwa moja hadi mlango wa daktari, kibanio chekundu kikining'inia kwenye kadi.

"Anayesema nzuri mara mbili, mimi namtazama mara tatu," anasema akirudi kuketi.

Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya, aliyekuwa amesimama pembeni na daftari lake akijiona mgeni rasmi. "Na wewe, mwanangu, habari yako?"

"Nzuri."

Kimya. Mwandishi alijitahidi. Alitazama dari, akatazama kalamu yake, akajikuta anasema, "Ila mgongo huu, tangu Jumapili." Akapewa kibanio cha njano mbele za watu, na benchi zima likacheka.

Hapa kila mtu anamwita Mama Ila. Jina hilo hakulitafuta, limemjia kutokana na kazi. Kwa miaka kumi na tisa amekaa kwenye kiti hiki cha mbao, mguu mmoja wa kiti umefungwa waya, akisubiri neno moja ambalo watu wetu hulificha nyuma ya adabu. Mtu mwenye homa ataulizwa hali, atasema njema. Aliyevunjika mbavu atasema salama tu. Ukweli huja baadaye, ukiwa na subira ya kuungoja, na karibu kila mara huanza na neno ila.

Hakuanza na kiti. Alianza na deki. Aliajiriwa kama mfagizi, na kazi yake ya asubuhi ilikuwa kupiga deki chini ya mabenchi watu wakiwa wameshajaa.

"Ukipiga deki chini ya benchi, unamwomba mtu ainue miguu," anaeleza. "Wote wanainua. Sasa yule anayechelewa, au anayeinua mmoja na kuuacha mwingine, nilikuwa najua kabisa huyu ana jambo. Lakini mimi mfagizi, nimwambie nani?"

Jambo lingine lilimkera zaidi. Siku hizo aliyewahi ndiye aliyeingia, basi. Mtu aliyekuja kuchukua vidonge vyake vya kila mwezi, kazi ya dakika mbili, alikaa saa nzima nyuma ya watu wanne wenye maradhi ya kusimuliwa. Mama Ila alikuwa anapiga deki akihesabu vichwa. Akaona kwamba wale wa dakika mbili wakitangulia, benchi zima linapumua, na mwenye maradhi marefu anachelewa kidogo sana.

Alimwambia daktari mkuu wa wakati ule, ambaye sasa amestaafu. Daktari alimsikiliza akiwa anakula karanga, akasema, "Haya, jaribu kesho. Wakikupiga, mimi sipo."

Hawakumpiga, ingawa walimtukana wiki nzima. Waliowahi kufika walimwona anauza nafasi. Ndipo akaja na vibanio kutoka kamba yake ya nyumbani, ili kila mtu aone kwa macho kwamba zamu haitegemei sura wala undugu. Njano ni maneno mafupi. Kijani ni maneno marefu. Chekundu hakai benchi lolote. Na ili wenye kijani wasiozee ukutani, aliweka sheria anayoikariri mpaka leo: wafupi watatu, mrefu mmoja, wafupi watatu, mrefu mmoja.

Daktari akamletea kiti. Cheo hakikuja. Kwenye orodha ya wafanyakazi aliendelea kuandikwa mfagizi kwa miaka yote hiyo kumi na tisa, na mshahara ulikuwa wa ufagio.

Mwaka jana ikaja mashine.

Ilikuwa ndefu, nyeupe, ina kioo na sauti ya kike ya kupendeza. Unabonyeza SHIDA NDOGO au SHIDA KUBWA, inakutemea karatasi yenye namba, kisha inakuita. Mafundi walitafuta soketi ya umeme, wakaikuta mlangoni, wakaomba kile kiti kiondolewe. Barua iliyoambatana na mashine, kutoka ofisi ya afya ya wilaya, ilikuwa ya aya mbili. Majaribio yakifaulu, ilisema, kazi ya mlangoni itafutwa, na mfanyakazi husika atarejea kwenye usafi.

"Mimi usafi siudharau," anasema Mama Ila. "Nimelea watoto kwa deki. Kilichoniuma ni kwamba walidhani pale mlangoni nilikuwa nagawa vibanio tu."

Pamoja na mashine alikuja mhadhiri wa uchumi kutoka chuo kikuu, kijana mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye saa ya kupimia muda iliyoning'inia shingoni. Wagonjwa walimbatiza Bwana Saa siku hiyo hiyo. Kazi yake ilikuwa kupima kama mashine inafaa kusambazwa kwenye vituo vingine kumi na kimoja.

Watu walimshangaa. Mtu wa uchumi ana kazi gani kwenye foleni ya wagonjwa? Yeye swali hilo amelizoea.

"Wanaodhani uchumi ni fedha tu hawajakaa foleni," anasema akiwa ofisini kwake, vitabu vimepangwa hadi dirishani. "Sisi tunasoma kitu kisichotosha na namna ya kukigawa. Pale kituoni kisichotosha ni daktari. Yupo mmoja, na watu mia wanamngoja."

Anakiri kwamba hakwenda pale kumtafuta Mama Ila. Alikwenda kuipima mashine, na yule mama alikuwa "hali ya zamani" ya kulinganishia. Lakini siku ya pili alimwomba amweleze mpango wa vibanio, na mama alipofika kwenye wafupi watatu mrefu mmoja, kijana akaacha kuandika. Wataalamu wa foleni, anasema, wameandika vitabu vinene kuhusu kanuni ya kutanguliza kazi fupi na kuzuia kazi ndefu zisisahaulike. Yeye mwenyewe aliifanyia mtihani na kufeli mara ya kwanza.

"Yeye alifika huko na deki," anasema, na haoni haya kusema hivyo.

Utaratibu wa utafiti ulikuwa hivi. Kwa wiki sita, kila Jumatatu asubuhi, sarafu ilirushwa uani. Ikianguka kichwa, wiki hiyo ni ya mashine. Ikianguka upande wa pili, ni ya Mama Ila. Wiki za mashine, yeye alitakiwa akae karibu na dirisha la dawa, akunje shashi za vidonda, na asizungumze na mgonjwa hata mmoja, kwa sababu akizungumza, vipimo vitachanganyika na haitajulikana kilichofanya kazi ni kipi.

Wiki ya kwanza ya mashine ilikuwa na vichekesho vyake. Watu wetu wakishaona kitu cha kushikia nafasi, wanawashikia na wenzao. Mwanamke mmoja alibonyeza namba saba: yake, ya wifi yake, ya jirani wa mkono wa kulia, na nne za akiba. Sauti ya kupendeza iliita namba thelathini na mbili mara tatu, na namba thelathini na mbili alikuwa nyumbani anaosha vyombo. Daktari alikaa ndani akitazama kiti kitupu, na nje watu sitini wanamngoja yeye.

Mama Ila alikunja shashi. Hakucheka, anadai, ingawa mtoa dawa anasema alikunja shashi moja mara nne.

Kisha ikaja Alhamisi ya wiki ya tatu, nayo ilikuwa wiki ya mashine.

Aliingia mwashi, mwanaume wa makamo, suruali imekauka saruji. Akabonyeza SHIDA NDOGO, akapewa namba sitini na moja. Kioo kilikuwa kinaonyesha kumi na tisa. Alipokuwa anageuka, karatasi ikamponyoka. Akainama kuiokota kwa mkono wa kulia, vidole vikagusa sakafu, karatasi ikabaki. Akajaribu tena. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akaenda kuketi.

Mama Ila aliona yote. Alijua pia kwamba Bwana Saa amekaa pembeni na kalamu yake, na kwamba barua ya aya mbili iko kwenye droo ya ofisi.

"Nilijiambia, nyamaza," anasimulia, na sauti yake inashuka. "Nilijiambia, mashine imemsikia, imempa namba, wewe kazi yako shashi. Nikakunja moja. Nikakunja ya pili. Ya tatu ikanishinda."

Kwa saa ya Bwana Saa, alivumilia sekunde arobaini. Kisha akainuka, akavuka ukumbi mbele ya watu wote, akasimama mbele ya mwashi.

"Habari yako, fundi?"

"Nzuri, mama."

Akangoja.

"Ila mkono huu umelala kilogo."

Alitaka kusema kidogo. Neno lilitoka limepinda, na upande mmoja wa mdomo haukulifuata. Mfukoni mwa sare Mama Ila alikuwa na kibanio kimoja chekundu, ambacho anasema kilibaki humo kwa bahati tu. Mwashi hakuwa na kadi mkononi, kwa hiyo kibanio kilibanwa kwenye ukosi wa shati lake. Ndani ya dakika tano alikuwa mbele ya daktari, na baada ya nusu saa gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka naye kwenda hospitali kubwa. Ilikuwa damu kwenye ubongo. Kama angengoja sitini na moja, kwa mwendo wa siku ile, angengoja saa mbili na nusu.

Mwashi amepona kiasi cha kurudi kazini. Mkono wa kulia bado mzito, kwa hiyo anasimamia wengine na kuwafokea. "Ningekuwa udongo mimi," anasema kwa kifupi. "Nilibonyeza shida ndogo kwa sababu niliona wamama wenye watoto. Nitabonyezaje kubwa, mwanaume mzima niliyekuja kwa miguu yangu?"

Jioni ile Mama Ila alifika nyumbani akiwa amekata tamaa. Mumewe ni fundi cherehani anayeshonea sebuleni. Alimkuta anapachika vifungo.

"Nimeharibu utafiti wa watu," akamwambia.

"Umeuharibu kwa kufanya nini?"

"Kwa kusalimia."

Mumewe alicheka hadi akajichoma sindano. "Basi kesho nenda ukaombe radhi kwa kusalimia mgonjwa," akasema. "Mimi nitafunga cherehani nije nisikie."

Asubuhi yake alifika mapema, akaenda stoo, akatoa ndoo na deki, akaanza kupiga sakafu kabla mlango haujafunguliwa. Alisema moyoni kwamba akirudishwa kwenye usafi, basi akutwe ameshaanza, asionekane anasukumwa. Bwana Saa alimkuta hapo, amepiga deki nusu ya ukumbi.

Kwenye daftari lake la siku ya kumi na nne kulikuwa na mstari mmoja: Amesalimia. Kwa sheria za utafiti, siku hiyo ilipaswa kufutwa kwenye hesabu kwa kuwa masharti yalivunjwa.

"Nilikaa na ule mstari hadi chai ikapoa," anakumbuka mhadhiri. "Nikaona kosa ni letu. Tumewauliza swali watu waliolelewa kusema hawajambo, halafu tumeamini jibu. Nikamwambia, mama, weka deki chini, tunaanza kupima salamu."

Walipima. Wiki zilizobaki, saa iliyokuwa ikipima kungoja ilipima pia kile kinachotokea mlangoni. Matokeo yako kwenye ripoti ya kurasa arobaini, na Mama Ila ameifunika jalada la plastiki. Wiki za mashine, mgonjwa alingoja kwa wastani dakika mia moja sitini na nane. Wiki za vibanio, dakika tisini na saba. Kati ya kila watu mia waliobonyeza mashine, tisini na mmoja walichagua SHIDA NDOGO, na karibu nusu yao daktari aliwakuta na maradhi marefu. Namba moja katika kila tano iliita mtu asiyekuwepo.

Na salamu ya Mama Ila, kuanzia "habari" hadi kibanio, ilichukua sekunde ishirini na mbili. Ila yenyewe, kwa wastani, huja sekunde ya nne.

"Mimi nilidhani ni ya tatu," anasema mwenyewe. "Kumbe nilikuwa najisifu."

Barua ya pili ilikuja miezi minne baadaye, nayo ilikuwa ya ukurasa mzima. Mashine isambazwe, ilisema, lakini pasiwepo mashine mahali pasipo na mtu wa kusalimia. Tatizo lililobaki lilikuwa jina la cheo, maana cheo chenyewe hakikuwahi kuwepo. Ofisini walipendekeza Ofisa wa Mtiririko wa Wateja. Mama Ila alikataa neno wateja, akasema mtu anayekuja anakohoa hajaja kununua kitu. Wakashindana wiki mbili. Leo kitambulisho chake kinasomeka Mpokezi Mkuu wa Zamu, na amekining'iniza nje ya sweta hata siku za baridi.

Mashine bado ipo, imesogezwa kwenye kona baada ya fundi umeme kuvuta waya mpya. Kazi yake sasa ni kuita waliokwishapewa vibanio. Mama Ila anaiita mwenzangu. "Ana sauti nzuri kunishinda," anasema. "Ila hasikii."

Nyumbani kwake kanuni hiyo imekuwa sheria. Bafu ni moja na watu ni sita, akiwemo mama mkwe wake anayeoga kama mtu anayesafiri mbali. Anayekwenda kunawa uso tu anatangulia, wakipita watatu anaingia bibi, na hakuna anayemgongea. Hata mumewe amebadilisha utaratibu wa cherehani. Zamani suti moja ilikalia mashine siku mbili huku suruali kumi za kukunja pindo zikilundikana na wenyewe wakinung'unika. Sasa pindo tatu, kisha kipande cha suti, kisha pindo tatu.

"Wateja wameacha kunitafuta nyumbani wakati wa kula," anasema fundi. "Shida moja tu. Nikitaka kuzungumza na mke wangu naulizwa, neno lako fupi au refu?"

Mwezi uliopita wapokezi kumi na mmoja kutoka vituo vile vingine waliletwa kwake kufundishwa. Waliketi benchi la maneno marefu, madaftari mapya magotini, wakisubiri mada. Bwana Saa alikaa nyuma kabisa, safari hii bila saa shingoni.

"Hamjambo?" aliwauliza.

"Hatujambo," wakajibu wote kwa pamoja.

Mama Ila akanyamaza. Wapokezi wakatazamana. Mmoja akafungua kalamu, akaifunga. Kimya kikakaa hadi fundi umeme aliyekuwa juu ya ngazi akageuka kutazama kulikoni. Mwishowe dada mmoja wa safu ya mbele, ambaye huko kwao naye ni mfagizi, akasema kwa sauti ndogo, "Ila mimi sijui kama nitaweza."

Mama Ila alichagua kibanio cha njano, akambania kwenye kola. "Neno fupi hilo. Utaweza." Yule dada alifuta macho, na wenzake wakaanza kuandika.

Imebaki miaka miwili Mama Ila astaafu. Saa nane mchana mabenchi yamebaki na watu watano tu, naye anahesabu vibanio vyake kurudi bakulini. Kimepungua kimoja chekundu. Anajua kilipo, kwa sababu mwashi alikataa kukirudisha, na huwa anakibana kwenye kofia yake ya kazi.

Mwandishi anafunga daftari na kuaga. Kisha anakumbuka kwamba tangu asubuhi, watu themanini na tatu wamepita mlangoni hapa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye.

"Na wewe, mama, habari yako?"

"Nzuri," anajibu haraka, mkono bado bakulini.

Mwandishi anasimama pale pale. Hasemi kitu. Sekunde moja, mbili, tatu. Mama Ila anainua macho, anaelewa anachofanyiwa, na uso wake unafunguka kwa kicheko cha taratibu. Inafika ya nne.

"Ila nina hamu moja," anasema. "Siku moja nitakuja hapa mimi ni mgonjwa, mzee, na fimbo yangu. Atakuwa amekaa mwingine kwenye kiti hiki. Ataniuliza habari, nami nitasema nzuri. Nataka asiniamini."